Sarufi ya Onyo: Uhakiki wa Lugha Inayounganisha Dawa za Kulevya na Wazimu katika Kiswahili cha Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna Kiswahili cha riwaya, cha ujumbe wa afya na cha zahanati kinavyoeleza uhusiano kati ya dawa za kulevya na maradhi ya akili. Hoja kuu ni kwamba lugha ya onyo, ambayo imetawala nyanja hizo tatu, inachanganya maradhi yasiyofanana, inaficha mpangilio wa sababu na matokeo, na inawaacha wagonjwa na jamaa zao bila maneno ya kutajia yanayowapata. Mifano imetolewa Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda.

Utangulizi

Katika miji mingi ya ukanda huu, jina la hospitali ni tusi. Anayeonekana kusema ovyo Dodoma huambiwa wa Mirembe. Nairobi hutajwa Mathari. Kampala hutajwa Butabika. Kigali hutajwa Ndera. Unguja hutajwa Kidongo Chekundu. Hakuna anayemtukana mwenzake kwa jina la hospitali ya mifupa. Tusi hilo linabeba mambo mawili: kwamba ugonjwa wa akili ni mmoja tu, na kwamba aliyeingia katika nyumba hizo ameshatoka miongoni mwa watu. Dawa za kulevya zinapotajwa katika mazungumzo ya hadhara, huunganishwa moja kwa moja na tusi hili. Bangi, unga, mirungi na gundi vyote hupewa mwisho mmoja unaoitwa kichaa.

Istilahi za jumla zenyewe hazisaidii sana. Neno "mihadarati" lina asili ya Kiarabu na mzizi wake unahusu kufa ganzi; linafaa kwa heroini, lakini halifai kwa mirungi, ambayo kazi yake ni kumkesha mtu na kumchangamsha. "Dawa za kulevya" ni tungo ya Kiswahili iliyo wazi, inatokana na kitenzi "lewa", na kwa mantiki ya lugha pombe ingekuwa ya kwanza katika kundi hilo. Katika matumizi ya sheria na ya mitaani, hata hivyo, pombe imewekwa kando. Matokeo yake, kitu ambacho Waswahili wamekiona kikilevya kwa karne nyingi si dawa ya kulevya, na jani linalomfanya mtu asilale usiku kucha ni dawa ya kulevya katika nchi moja na zao la biashara katika nchi ya jirani. Mpaka wa Namanga unatosha kubadili hadhi ya kifurushi cha mirungi: upande wa Kenya ni bidhaa halali, upande wa Tanzania ni kielelezo cha kesi.

Riwaya na mzigo wa magendo

Fasihi ya Kiswahili haijawahi kuogopa akili iliyovurugika. Katika Kichwamaji (1974), Euphrase Kezilahabi anamfuata Kazimoto hadi ndani kabisa ya fikra zake, na msomaji anaona dunia ikipoteza maana hatua kwa hatua mpaka mhusika anajiua. Hakuna kilevi kinachohitajika kueleza anguko hilo. Mbinu ya kusimulia kutoka ndani ya akili inayosambaratika, basi, ipo katika riwaya hii kwa zaidi ya nusu karne.

Ajabu ni kwamba mbinu hiyo huachwa mlangoni pale dawa za kulevya zinapoingia katika hadithi. Katika Chozi la Heri ya Assumpta Matei, Dick ni mtoto anayelazimishwa kuingia katika biashara ya kusafirisha dawa hizo. Katika hadithi fupi "Mkubwa" ya Ali Mwalimu Rashid, iliyomo katika Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, tamaa ya cheo cha kisiasa inahudumia biashara ya unga. Kazi zote mbili zimesomwa na maelfu ya wanafunzi wa sekondari nchini Kenya, na zote mbili zina ujasiri wa kuonyesha kwamba biashara hii ina wakubwa wake. Lakini uzito wa masimulizi umewekwa kwenye njia, hila na fedha. Dawa ni mzigo. Akili ya yule ambaye mzigo huo unaishia kwenye mshipa wake haiwi kitovu cha hadithi.

Pombe imepata bahati tofauti. Zakaria katika Rosa Mistika (1971) na Mwalimu Majisifu katika Kidagaa Kimemwozea (2012) ya Ken Walibora ni walevi wanaokaa nyumbani, wenye wake, watoto na aibu. Majisifu hasa amechorwa kwa uelewa: ulevi wake hautenganishwi na fedheha ya kuiba mswada wa mwingine wala na aibu anayoiona kwa watoto wake wenye ulemavu. Hapo msomaji anaona jambo ambalo ujumbe wa afya hauligusi, kwamba huenda mtu akanywa kwa sababu tayari kuna kitu kinachomla. Hata hivyo ulevi huo unahukumiwa kama udhaifu wa tabia, na mwili wake, yaani mikono inayotetemeka asubuhi, usingizi uliopotea na kumbukumbu inayopungua, haupewi nafasi kubwa.

Sababu si uvivu wa waandishi. Vitabu hivi huandikwa vikiwa na jicho moja kwenye orodha ya vitabu vya shule, na mtihani huuliza "madhara" na "maudhui". Mhusika ambaye uraibu wake haufundishi somo moja lililo wazi ni mhusika asiyefaa kwa swali la alama 20.

Kiambishi cha methali

Ujumbe wa afya unafanya kwa ufupi kile riwaya inachofanya kwa urefu. Tungo iliyozoeleka ni ya namna hii: bangi huleta wazimu, dawa za kulevya husababisha kichaa. Kiini cha tatizo ni kiambishi "hu-". Kiambishi hiki hakina wakati, hakina kipimo, na hakina nafsi. Ndicho kinachotumika katika methali: haba na haba hujaza kibaba. Hata ukanushi wake wa moja kwa moja haupo. Anayetaka kuukana lazima ahamie katika umbo jingine. Anayesema kwa "hu-" amejiweka juu ya ushahidi.

Kijana anayesikia kwamba bangi huleta wazimu anao ushahidi wake mwenyewe. Amewaona wenzake kijiweni wakivuta kwa miaka na wanaendesha bodaboda, wanaoa, wanalipa kodi za nyumba. Tungo ya methali ikishaonekana ya uongo kwa mtu mmoja, huanguka yote, na pamoja nayo huanguka hata ile sehemu iliyokuwa kweli.

Na sehemu iliyo kweli ni nzito. Mwaka 1987 jarida la Lancet lilichapisha uchunguzi wa vijana wapatao 45,000 wa Sweden waliofuatiliwa kwa miaka 15 tangu kuandikishwa jeshini. Waliokuwa wamevuta bangi zaidi ya mara 50 walikuwa na uwezekano wa takriban mara sita wa kuja kuugua skizofrenia wakilinganishwa na wasiovuta. Uchunguzi wa mwaka 2019 uliofanywa katika miji ya Ulaya na Brazil ulionyesha kwamba uvutaji wa kila siku wa bangi yenye nguvu kubwa unakaribia kuzidisha mara tano uwezekano wa saikosisi, hali ambayo mtu husikia sauti zisizokuwapo na kuamini mambo ambayo hakuna awezaye kumtoa. Lakini katika Sweden ileile, walio wengi kati ya wavutaji sugu hawakuugua. Kauli iliyo sahihi ina umri ndani yake, ina kiasi, ina nguvu ya bangi yenyewe, na ina historia ya ukoo. Kiswahili kina vifaa vyote vya kuisema: "inaweza", "inaongeza uwezekano", "hasa kwa anayeanza akiwa na miaka 15", "hasa kama mjomba au mama aliwahi kuugua". Ni tungo ndefu kuliko methali. Haitoshei vizuri kwenye bango, na huenda hiyo ndiyo sababu ya kufikiri upya kama bango ni chombo kinachofaa kwa kazi hii.

Kosa la pili la "hu-" ni kufuta tofauti kati ya dawa na dawa. Mirungi ina kathinoni, kemikali inayofanana na amfetamini kwa utendaji. Mlaji wa kupindukia hukosa usingizi, huingiwa na shaka juu ya kila anayemkaribia, na wengine hufikia saikosisi kamili. Uchunguzi uliofanywa Hargeisa na kuchapishwa mwaka 2005 ulihusisha hali hiyo hasa na walioanza mapema na kula kwa wingi. Heroini haina tabia hiyo. Kwa kawaida mtumiaji wa heroini hasikii sauti. Anatulizwa, anasinzia, na akizidisha pumzi yake inakata. Madhara yake kwa akili ni ya namna nyingine: utegemezi unaopanga siku nzima kuzunguka kete inayofuata, sonona, na fikra za kujiua. Gundi na petroli zinazovutwa na watoto wa mitaani huharibu ubongo wenyewe polepole, na mtoto hupoteza uwezo wa kujifunza kabla mtu yeyote hajamwita kichaa.

Pombe ndiyo inayoiumbua sarufi ya onyo waziwazi zaidi. Mtu aliyekunywa gongo, chang'aa, waragi au kanyanga kwa wingi kila siku kwa miaka anaweza kuachishwa ghafla, pengine kwa sababu amelazwa kwa mguu uliovunjika, pengine kwa sababu familia imemfungia ndani ili apone. Kati ya siku ya pili na ya nne anaanza kutetemeka, kutokwa jasho, kuona wadudu ukutani, kuwakimbia watu wasiokuwapo. Hali hii inaweza kuua. Kwa kuwa familia imefundishwa kwamba ulevi ndio unaoleta wazimu, na mgonjwa huyu hajagusa pombe kwa siku tatu, maelezo yanayobaki ni kurogwa au mapepo. Anafungwa kamba na kupelekwa kuombewa. Alichohitaji ni dawa za kutuliza, maji na vitamini B1 chini ya uangalizi wa mganga. Hapa lugha haikupotosha tu fikra. Imempeleka mgonjwa kwenye mlango usio wake.

Mateja na wateja

Neno la mitaani la mtumiaji wa heroini, hasa Dar es Salaam na Mombasa, ni "teja". Linaelekea kutokana na "mteja", yule anayekuja kununua. Mabadiliko ni ya herufi moja, lakini kisarufi yamevuka mpaka mkubwa. "Mteja" na "wateja" wamo katika ngeli ya watu. "Teja" na "mateja" wamesogezwa karibu na maumbo ya ukubwa na dharau, penye "jitu" na "majitu". Upatanisho wa kawaida bado ni wa kiumbe hai, husemwa teja amelala, lakini mwenye hasira husema "lile teja", na hakuna anayemsahihisha.

Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, ambapo waraibu wa heroini walianza kunywa dozi ya kila siku mbele ya mhudumu. Huduma za namna hiyo zimeenea baadaye katika mikoa mingine na hadi Kenya. Katika Kiswahili cha huduma za afya, anayehudumiwa huitwa mteja. Hivyo mtu yuleyule ambaye barabarani ni mmoja wa mateja, akivuka geti anakuwa mmoja wa wateja. Hakuna mwanaisimu aliyepanga mkutano huu wa maneno, na wala haujatatua unyanyapaa. Lakini unaonyesha kwamba heshima haihitaji msamiati wa kigeni. Inaweza kurudishwa kwa kiambishi kilichokuwa kimeibwa.

"Mraibu", neno linalopendekezwa sasa na wataalamu, linastahili kujadiliwa kwa utulivu. Katika Kiswahili cha mwambao uraibu ulihusu mazoea ya tambuu, tumbaku na kahawa, vitu vya baraza na vya wageni. Kulipandisha neno hilo hadi kwenye sindano ya heroini ni kulitwika mzigo ambao halikuumbiwa. Faida yake ni kwamba halina chuki. Upungufu wake ni kwamba halisikiki kama ugonjwa, na nje ya mwambao, kwa mfano Kampala au Kigali, ambako Kiswahili hufundishwa darasani, halifahamiki kabisa. Ikiwa litatumika kikanda, litahitaji maelezo, si kusambazwa tu kwenye orodha ya istilahi.

"Muathirika" linapendwa na wanahabari. Linamwondolea mtumiaji lawama, na pia linamwondolea kila uwezo. Kauli ya kutendeka inamwacha amekaa akisubiri kuathiriwa. Wale waliopita katika nyumba za upataji nafuu, ambazo wakazi wake huziita soba, hujieleza kwa vitenzi vya kutenda: wameacha, wanahesabu siku, wamerudi nyuma, wameanza tena. Ni Kiswahili bora kuliko cha ripoti.

Sheria mbili, mtu mmoja

Washauri wa sera wanaweza kuona mjadala wa viambishi kuwa anasa. Sheria za ukanda zinaonyesha vinginevyo. Kenya ilirekebisha Sheria ya Afya ya Akili mwaka 2022, na marekebisho hayo yanamjumuisha mwenye ugonjwa wa utumiaji wa pombe au dawa katika maana ya mtu mwenye maradhi ya akili. Sheria ya nchi hiyohiyo ya mwaka 1994 kuhusu mihadarati inamfanya mvutaji kuwa mkosaji. Mgonjwa wa sheria moja ni mshtakiwa wa nyingine, na neno litakalotumiwa na askari wa zamu, "mgonjwa" au "teja", ndilo litakaloamua ni mlango upi atapitishwa.

Uganda ilipata somo la namna nyingine. Sheria yake ya mihadarati ya mwaka 2015 ilibatilishwa na Mahakama ya Katiba mwaka 2023 baada ya wakulima na wafanyabiashara wa mairungi kulalamika, na sababu ikawa kwamba Bunge lilipitisha muswada huo bila kuthibitisha akidi. Muswada mpya ulipitishwa mwaka huohuo. Mjadala wa hadhara uliofuata ulihusu zaidi kipato cha mkulima na adhabu ya mvutaji. Tofauti ya kitabibu kati ya mairungi, bangi na heroini ilipata nafasi ndogo. Pasipo maneno ya kutofautisha, adhabu inabaki kuwa kipimo pekee cha ubaya.

Rwanda ina sababu ya pekee ya kuuliza kipi kilitangulia. Nchi iliyopita katika mauaji ya kimbari ya 1994 dhidi ya Watutsi inawajua watu wasiolala, wanaoshtuka kwa mlio, na ambao kanyanga au urumogi ni njia ya kuuvuka usiku. Wapo pia wakimbizi wa mashariki ya Kongo walioko Nakivale nchini Uganda na Nyarugusu nchini Tanzania, wengi wao wakizungumza Kiswahili. Kwa mtu wa namna hiyo, kauli kwamba dawa za kulevya huleta wazimu imepanga mambo kinyume, na akiisikia kutoka kwa mhudumu atajua kwamba hajasikilizwa. Si kwamba kilevi hakimdhuru. Pombe inazidi kuvunja usingizi alioutafuta, na bangi inaweza kuzidisha hofu ileile aliyotaka kuituliza. Lakini tiba inayoanza kwa kumnyang'anya kilevi bila kugusa usiku wenyewe itamrudisha alikotoka.

Fomu na swali la asubuhi

Fomu za hospitali katika nchi hizi huandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuainisha magonjwa unatenganisha ulevi wa papo hapo, utegemezi, hali ya kuacha, hali ya kuacha yenye kuweweseka, na saikosisi iliyosababishwa na dawa. Mgonjwa na mama yake wanazungumza Kiswahili. Tafsiri inafanyika kinywani mwa muuguzi, kwa haraka, bila kumbukumbu, na mara nyingi makundi yote matano yanarudi nyumbani yakiwa neno moja: kuchanganyikiwa.

Kwa hali ya kuacha, mitaa imekwishafanya kazi ambayo mabaraza ya lugha hayajaifanya. Neno "arosto" linaeleza maumivu ya viungo, kuhara, miayo, vinyweleo kusimama na wasiwasi unaoanza saa chache baada ya kukosa heroini. Linaeleweka Tanga, Mombasa na Unguja, na wahudumu wa kliniki wanalitumia. Vitabu vingine vinapendelea maelezo marefu ya "dalili za kuacha matumizi". Maelezo hayo ni sahihi, lakini hakuna mgonjwa ayasemaye. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ingepata katika vituo vya mji huohuo watoa istilahi wengi wasiohitaji posho ya kikao.

Kwa pombe, neno lililopo ni la zamani zaidi na limepuuzwa zaidi. Dodoso la Shirika la Afya Duniani la kupima unywaji lina maswali kumi, na la sita linauliza ni mara ngapi mtu amehitaji kinywaji asubuhi ili aweze kuanza siku baada ya kunywa sana. Likitafsiriwa neno kwa neno, swali hilo linakuwa refu, linamtia mtu haya, na jibu lake huwa "hapana". Wanywaji wa Kiswahili wana kitenzi kimoja kwa kitendo hicho: kuzimua. Anayezimua anajua kwamba mikono itatulia akipata glasi ya kwanza, na mhudumu anayelijua neno hilo anajua kwamba mtu huyu hapaswi kuachishwa ghafla nyumbani wala kufungiwa chumbani. Swali "asubuhi unazimua?" lina maneno mawili, na mzee wa miaka 60 kilabuni hulijibu bila kusita.